Haonekani, lakini amejificha? Maswali ya kuona na kunyata mezani

Hesabu za hapa ni za mchezo wa kuigiza wa mezani wa Dungeons & Dragons toleo la 5; kitabu cha kanuni cha 2014 na cha 2024 vikitofautiana, tunataja. "Faida" ni kurusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua kubwa, "kikwazo" ni kuchukua ndogo.

Mchawi wetu alijifanya asionekane katikati ya pambano, lakini mwongoza mchezo akasema maadui bado wanajua alipo. Je, hakumwonea?

Hakumwonea. Kutoonekana ni jambo moja, kujificha ni jingine. Asiyeonekana bado anakanyaga changarawe, anahema na kuacha nyayo. Adui anajua yuko mraba gani. Ila akimshambulia anarusha kwa kikwazo, na mchawi akishambulia anarusha kwa faida. Akitaka wasijue hata alipo, atumie kitendo chake cha zamu kujificha na arushe dadu ya Kunyata (ustadi wa kwenda bila kugunduliwa). Kwa 2014, tuzo kubwa ya kutoonekana ni kwamba anaweza kujaribu hivyo hata uwanjani peupe, mahali ambapo wenzake hawawezi.

Kitabu cha 2024 kimezidisha mkanganyiko, kwa sababu anayefaulu kujificha nyuma ya ukuta hupewa hali yenye jina lilelile la kutoonekana. Hali hiyo humtoka papo hapo akishambulia, akitoa sauti inayozidi mnong'ono, akitamka maneno ya uganga, au adui akimpata.

Mlinzi anaona gizani hadi futi 60. Kuna haja gani ya kumnyatia usiku?

Ipo, na meza nyingi huisahau. Kwa mwenye uwezo huo, giza hugeuka mwanga hafifu, haligeuki mchana. Mwanga hafifu huleta kikwazo kwa Utambuzi (ustadi wa kugundua) wa macho, na kwa Utambuzi tulivu (10 jumlisha nyongeza yake, bila kurusha dadu) kikwazo maana yake ni kutoa 5. Mlinzi mwenye nyongeza ya 3 ana 13 mchana, lakini gizani ana 8. Kwa 2014, mnyatiaji aliyepata 10 anapita.

Ila angalieni: kikwazo hicho ni cha macho tu. Masikio yake yamebaki na 13. Kabla ya kuchagua namba, mwongoza mchezo ajiulize ni kitu gani hasa kitamfichua huyu anayenyata. Akivuka ua mtupu juu ya nyasi laini, ni macho, tumieni 8. Akipita nyuma ya mlango uliofungwa huku deraya inagongana, ni masikio, tumieni 13.

Kosa jingine ni kupima mwanga pale aliposimama mlinzi. Pimeni pale alipo anayetazamwa. Mwenge hutoa mwanga kamili futi 20 na hafifu futi 20 zaidi. Mlinzi wa kawaida mwenye mwenge haoni kitu cha futi 50 gizani, lakini aliye huko anamwona yeye vizuri kabisa.

Mpiga mishale wetu hujificha nyuma ya nguzo ileile kila zamu. Inaruhusiwa?

Kwa 2014, ndiyo, mradi nguzo inamziba asionekane waziwazi na mwongoza mchezo ameridhika. Kwa 2024 anahitaji kinga inayoziba robo tatu ya mwili au mwili wote (au giza nene, ukungu mzito), awe nje ya macho ya maadui wote, kisha apate 15 au zaidi. Jumla aliyoipata ndiyo adui atakayohitaji kuifikia kwa Utambuzi ili ampate.

Kila akifyatua, ukiingia au ukikosa, amejitangaza na lazima ajifiche upya. Kwa maoni yetu, adui aliyekwisha kuona mishale miwili ikitoka hapo anastahili faida katika kumtafuta. Na akiizunguka nguzo akamkuta amesimama peupe, amempata. Hapo msirushe dadu yoyote.

Wawili wanapigana ndani ya ukungu mzito, hakuna amwonaye mwenzake. Nani ana kikwazo?

Hakuna. Kila mmoja ana kikwazo kwa kuwa haoni na faida kwa kuwa haonekani. Vinafutana, dadu moja inatosha.

Kundi letu la watano haliwahi kufanikiwa kuvizia. Mmoja amevaa deraya nzito.

Huenda shida ni hesabu kuliko deraya. Kila mmoja akiwa na asilimia 70 ya kufaulu, watano wote kufaulu pamoja ni takribani asilimia 17. Kwa 2014, adui akimtambua hata mmoja wenu hashtukizwi. Kama mnataka tu kupita bila kugunduliwa, tumieni jaribio la kundi: nusu wakifaulu, wote wamepita, na mwepesi anamfunika mzito. Mkitaka kushtukiza, mwenye deraya abaki nyuma mbali na masikio ya adui, nanyi mkubali kwamba atachelewa kufika pambanoni.