Biskuti za chizi na kamba wa siagi kama wa Red Lobster, pika nyumbani tu

Mlioko Marekani mnajua naongelea nini. Unaingia mkahawa wa Red Lobster, hata menyu hujaifungua vizuri, kikapu cha biskuti za chizi kimeshatua mezani, za moto, zinang'aa siagi, na usipojizuia unashiba kabla kamba hawajafika. Kwa mlioko nyumbani ambao hamjawahi kuzila, hizi sio zile kavu za kuchovya kwenye chai, ni kama vimkate vidogo laini visivyotiwa hamira, nje vimekauka kidogo na ndani vinachambuka na chizi imeyeyukia humo humo. Tamu sana jamani.

Hiyo mikahawa ilianzia Lakeland, Florida mwaka 1968 na biskuti zenyewe zikaja 1992. Mwaka 2023 wakaifanya ile ofa ya kula kamba mpaka ushibe kwa dola 20 kuwa ya kila siku, ikawatia hasara ya dola milioni 11, na Mei 2024 wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika na matawi mengi yakafungwa. Wanaendelea mpaka leo, ila kwa wengi wetu tawi limekuwa mbali na bei zimepanda, kwa hiyo mimi napika mwenyewe na nawaambia kabisa inawezekana.

Kitu kimoja tu nataka mkishike: hii ladha haitokani na viungo vingi. Sisi watu wa pwani tukipenda kitu mkono unakimbilia bizari, tangawizi, pilipili manga, hapa hapana. Ni siagi, chumvi, kitunguu saumu cha unga basi, kinachobaki ni baridi kwenye biskuti na muda kwenye kamba.

Tuanze na biskuti. Unga wa ngano vikombe 2, bekingi pauda kijiko kikubwa 1, sukari kijiko kikubwa 1, kitunguu saumu cha unga kijiko cha chai 1, chumvi nusu kijiko cha chai. Siagi gramu 115 hivi, na ninaposema siagi ni siagi ya maziwa sio majarini. Chizi ya cheda kikombe na nusu, nunua kipande ukwangue mwenyewe maana ile iliyokwanguliwa kiwandani imepakwa wanga ili isishikane na haiyeyuki vizuri. Mtindi kikombe 1, Kenya nyie tumieni mala, usiwe na sukari.

Sasa siagi lazima iwe ya baridi kweli, mimi naikata vipande vidogo kama punje za maharage narudisha friza dakika 15 ndio naitia kwenye unga, naiminya kwa ncha za vidole haraka haraka mpaka unga uwe chenga chenga lakini bado unaona vipande vya siagi. Hivyo vipande ndio siri yote, vikifika kwenye moto maji yaliyomo yanageuka mvuke na mvuke ndio unanyanyua biskuti, siagi ikishayeyukia mkononi mwako hakuna cha kunyanyua tena. Tia chizi, mimina mtindi kutoka friji, geuza kwa mwiko taratibu na ukiona unga mkavu umepotea ACHA. Usikande! Najua mikono imezoea chapati na maandazi lakini hapa ukikanda unapata kitu kigumu. Donge litakuwa limekaa ovyo ovyo, linanata, na ndivyo linavyotakiwa. Chota kwa kijiko weka kwenye trei, usisukume wala kukata na glasi. Oveni iwe imeshapata moto, nyuzi 230 za Selsiasi (za Marekani 450), dakika 12 hivi. Zikitoka tu zipake siagi ya kuyeyusha yenye kitunguu saumu cha unga na majani ya pasli, zikiwa za moto ndio zinanyonya.

Huna oveni? Sufuria nzito ya kuokea keki kwa mkaa inafanya kazi vizuri tu, ila mkaa mwingi uwe juu ya mfuniko na chini mchache, la sivyo zinaungua makalio juu bado nyeupe.

Haya kamba. Marekani nunua waliogandishwa, wengi unaowaona wamelazwa juu ya barafu dukani waliganda pia wakayeyushwa. Soma mfuko: 16/20 maana yake kamba 16 mpaka 20 kwa ratili, size nzuri hiyo. Kwenye viungo paandikwe kamba na labda chumvi, ukiona fosfeti achana nao, wamenyonyeshwa maji na kwenye kikaango watayatema. Mlioko Dar mkienda Feri asubuhi angalieni kichwa kimeshika vizuri hakijawa cheusi, na harufu iwe ya bahari tu.

Menya, toa ule utumbo mweusi mgongoni, maganda usitupe kabisa. Yachemshe na kitunguu na maji kidogo dakika 20, chuja. Mapishi ya mikahawani kwa kawaida yanatiwa mvinyo mweupe, sisi tusiotumia mvinyo, supu hii na limao vinatosha, na mimi naona inakolea zaidi. Kausha kamba vizuri kwa kitambaa, kikaango kiwe cha moto, siagi, chumvi, dakika 2 upande mmoja, geuza, dakika moja hivi, toa. Kamba aliyejikunja nusu duara ameiva, aliyejikunja mpaka mkia unagusa kichwa huyo ameshakuwa mpira. Kwenye kikaango hicho hicho tia kitunguu saumu kilichotwangwa, supu ya maganda, limao, ikipungua ongeza siagi ya baridi, zima moto ndio urudishe kamba. Na hata kamba wa nazi ni hivyo hivyo, tui liive na viungo vyake kwanza, kamba waingie mwisho kabisa.

Anza kukaanga kamba biskuti zikiwa zimebakiza dakika 5 kwenye oveni, vyote vinafika mezani vya moto. Na kama mko wawili usioke donge lote, mabonge yaliyobaki yagandishe mabichi kwenye trei alafu yatie mfukoni, siku ukiyataka oka yakiwa yameganda hivyo hivyo, ongeza dakika 3 au 4.