Siku Mbili Hazitoshi Caraíva

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mombasa aliniandikia kuniuliza kama siku mbili zinatosha kuutembelea mji mdogo wa Caraíva, kwenye pwani ya kusini ya jimbo la Bahia, Brazili. Swali lake lilinichoma, kwa kuwa ndilo kosa nililolifanya nilipokwenda mara ya kwanza, nami nililipia kwa fedha na kwa machozi.

Katika safari ile niliipa Rio de Janeiro siku sita, Salvador siku nne, na Caraíva nikaiachia makombo. Nilitua Porto Seguro, nikavuka mto Buranhém kwa kivuko hadi Arraial d'Ajuda, nikapanda basi, na giza lilikuwa limeshaingia nilipofika ukingoni mwa mto wa Caraíva, mahali ambapo magari huishia. Ng'ambo huvukwa kwa mtumbwi, na huko hakuna lami, ni mchanga mtupu. Mimi niliyekulia Pangani, niliyevushwa kwenda Bweni tangu nikiwa mgongoni mwa mama, nilisimama pale na sanduku kubwa la magurudumu lisiloburutika mchangani.

Hilo lingevumilika. Kilichoniumiza ni nyumba ya wageni ambayo nilikuwa nimekwisha kuilipa nusu ya gharama. Mhudumu aliniambia kwamba chumba changu kimepewa mtu mwingine, kwa sababu sikujibu ujumbe wao wa kuthibitisha, ujumbe wa Kireno ambao nilikuwa nimeupuuza nikidhani ni tangazo. Fedha hazikurudishwa. Nilikuwa na kadi na noti chache za reais katika mji usio na benki, ambako wenyeji hulipana kwa Pix, mfumo wa Benki Kuu ya Brazili ulioanza Novemba 2020, unaowarahisishia maisha kama M-Pesa inavyoturahisishia sisi, lakini uliojengwa juu ya akaunti za benki za nchini humo. Mama mmoja muuza tapioka alinikuta nimeketi juu ya sanduku, akanichukua kwake. Mpaka leo nikilikumbuka lango la nyumba ile ya wageni, donge hunikaa kooni.

Mwaka uliofuata nilirudi, nikakaa siku tisa, na nasema kwa fahari kwamba sasa Caraíva naijua. Yule mama alinifundisha kupika moqueca ya Kibahia: samaki, nyanya, vitunguu, pilipili hoho, giligilani, tui la nazi, kisha mafuta ya mawese, ambayo wao huyaita dendê. Ladha ya tui niliitambua mara moja. Ya mawese ilinichukua siku tatu kuizoea. Siku ya tano nilitembea ufukweni na kiongozi wa jamii ya Wapataxó, wenyeji asilia wa eneo hilo, hadi kijijini kwao Barra Velha, naye akanionyesha Monte Pascoal, mlima ambao mabaharia wa nahodha Mreno Pedro Álvares Cabral waliuona Aprili 1500. Julai ya mwaka huohuo meli zake zilikuwa Kilwa, na Agosti zilikuwa Malindi. Nilimweleza hayo kwa Kireno changu kibovu, tukabaki tumeketi mchangani kwa muda mrefu, kila mmoja akisimulia yaliyowapata watu wake baada ya meli zile kuja. Mazungumzo ya namna hiyo hayapatikani kwa mtu mwenye basi la kuwahi kesho asubuhi.

Kwa hiyo, dada yangu, punguza miji, ongeza siku. Jifunze Kireno japo kidogo. Tayari unayo meza, bendera na leso, ambayo wao huyatamka mesa, bandeira na lenço. Chukua noti za kutosha ukiwa bado Porto Seguro, beba begi la mgongoni, na usiende kati ya mwaka mpya na kanivali, msimu ambao bei hupanda na wenyeji hawana nafasi ya kuzungumza nawe. Chanjo ya homa ya manjano ipate angalau siku kumi kabla ya kuondoka, kwa maana cheti chake utadaiwa utakaporudi nyumbani kutoka Brazili. Lakini hayo yote ni madogo kuliko siku zenyewe. Siku, dada yangu, siku!

Mimi narudi tena Mei ijayo. Nimeshalipia siku kumi, na ujumbe wa kuthibitisha chumba nimeuandika mwenyewe, kwa Kireno.