Maji ya mvua kwenye ekzosi ya trekta: usiwashe kwanza

Swali: Trekta langu la zamani lina ekzosi iliyosimama wima na kifuniko chake kilikatika. Huwa ninaifunika kwa kopo, lakini juzi kopo lilipeperushwa na mvua ikanyesha usiku kucha. Fundi ameniambia niwashe tu, moto wa injini utayakausha maji. Je, ni salama?

Jibu: Usiwashe. Kopo linalifaa trekta lililoegeshwa, mradi lifungwe kwa waya. Kinachonikera ni huo ushauri, ambao kila msimu wa mvua hutolewa na watu wanaojiita mafundi. Moto hukausha unyevu, ni kweli, lakini huja baada ya injini kuwaka, ilhali madhara hutokea pale inapozungushwa mara ya kwanza. Injini inapozimwa, mara nyingi ipo silinda ambayo valvu yake ya kutolea moshi imebaki wazi, na maji hupitia hapo hadi juu ya pistoni. Maji hayashindiliki kama hewa. Katika silinda ya lita 1 yenye mgandamizo wa 16 kwa 1, pistoni ikifika juu hubaki nafasi ya mililita 67 hivi. Mvua ya milimita 50 huingiza karibu mililita 98 katika bomba lenye mdomo wa sentimita 5. Si yote yatakayofika ndani, lakini yakiijaza nafasi hiyo, ama injini itagoma kuzunguka, ama mkono wa pistoni utapinda.

Fungua nozeli zote zinazopulizia dizeli kwenye silinda (plagi, kama injini ni ya petroli), vuta stopa, yaani kitasa cha kukata dizeli, kisha zungusha injini polepole kwa mkono, uso ukiwa mbali na matundu. Maji yakiruka, endelea hadi yaishe, tia oili kidogo katika kila silinda na uzungushe tena. Oili ya injini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage.

Kifuniko kipya chenye bawaba huchaguliwa kwa kipimo cha nje cha bomba, nacho kijaribiwe kwa kidole mara kwa mara, kwa kuwa masizi na kutu huigandisha bawaba ikiwa wazi. Tambara halifai: hunyonya maji na kuyashikilia mdomoni mwa bomba.

Wapo pia wanaolivuta trekta lililogoma kwa trekta jingine, likiwa kwenye gia. Stata huweza kushindwa na kusimama. Trekta linalovuta halisimami. Injini ikiwaka baada ya hapo, wenyewe husema imepona, kumbe mkono uliopinda unaweza kufanya kazi kwa muda, kisha ukakatika na kutoboa bloku.