Mbona riwaya yangu haitishi kama filamu?

SWALI: Mhariri, pole na kazi. Naandika riwaya ya taharuki inayotokea kwenye gesti moja ya Tanga. Nimekulia kwenye filamu za kutisha za zamani, na mauaji nimeyapanga karibu sawa na yale ya bafuni katika Psycho. Wenzangu waliosoma mswada wanasema hawakushtuka hata kidogo. Nakosea wapi? Na je, kuazima hivyo kunaweza kuniletea kesi?

JIBU: Sura ulizonitumia nimezisoma. Umechukua kile ambacho kalamu haikiwezi, ukaacha inachokiweza. Tukio lile la mwaka 1960 lina takribani sekunde 45, na mwongozaji wake, Alfred Hitchcock, alilipiga picha kwa siku 7. Linatisha kwa sababu picha zinakatwa upesi upesi huku fidla za mtunzi wa muziki wake, Bernard Herrmann, zikipiga mayowe. Wewe huna fidla. Ukiandika “ghafla mlango ukafunguka kwa kishindo”, msomaji ameshaonywa na hiyo “ghafla” kabla mlango haujafunguka. (Neno hilo lingetozwa kodi, miswada mingi ingepona.)

Cha kuazima kwa Hitchcock ni mpangilio wa nani anajua nini, na lini. Alipohojiwa na mwongozaji Mfaransa François Truffaut mwaka 1962 alitoa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wanapiga soga, bomu linalipuka: mtazamaji ameshtuka kwa sekunde 15. Akionyeshwa mapema bomu likitegwa, na saa ya kulipuka akaijua, soga ile ile inamtesa dakika 15 nzima.

Bomu lako ni ufunguo. Katika sura ya 4 umetaja kwamba funguo za akiba hutundikwa nyuma ya kaunta, kisha ukazisahau. Rudi hapo uandike, kwa mfano:

“Msumari wa namba 6, chumba anacholala Mwanaidi akiwa zamu ya usiku, ulikuwa mtupu. Akauona, akadhani mfagizi kaenda kutandika, akaendelea kuhesabu chenji.”

Basi. Usieleze, usiweke alama ya mshangao. Kuanzia hapo kila Mwanaidi anapojifungia ndani, msomaji anajua kufuli halimsaidii. Kurasa za mvua na umeme kukatika zipunguze. Afadhali apige mswaki, avue hereni, ajibu meseji ya mama yake. Na asiwe na haraka.

Muuaji naye umemtoa mapema mno, uso mzima na kovu lake. Katika filamu ya Jaws (1975) papa wa mitambo alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, Steven Spielberg akalazimika kumficha. Inapita zaidi ya saa moja kabla hajaonekana vizuri. Wewe huna mtambo mbovu, itabidi ujizuie mwenyewe.

Kuhusu kesi: wazo la muuaji kwenye gesti halina mwenyewe. Kinacholindwa ni namna lilivyotungwa: maneno, wahusika, mfululizo wa matukio. Waliotengeneza filamu ya Nosferatu huko Ujerumani mwaka 1922 walibadilisha majina ya wahusika wa Dracula, riwaya ya Bram Stoker, lakini hayo hayakuwaokoa. Mjane wa Stoker aliwashtaki, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala ziteketezwe. Kwa hiyo yule kijana wako mwenye gesti, anayehifadhi maiti ya mama yake kama yule wa Psycho, mtoe. Wasomaji watamtambua kabla ya mwanasheria yeyote. Ule ugomvi wa ndugu kuhusu nyumba ya urithi, ulioupitia haraka katika sura ya 2, unatosha kuzaa muuaji, na huo ni wako mwenyewe.