Digrii na masta ya elimu maalumu kwa pamoja

Umeuliza kama binti yako anaweza kudahiliwa digrii na masta ya elimu maalumu (kufundisha wanafunzi wenye ulemavu) kwa mara moja. Kwa hapa kwetu Tanzania hapana, mama. Shahada ya kwanza ya ualimu ni miaka 3, ukimaliza unaomba masta upya kama mtu mwingine yeyote. Hiyo miaka 5 mfululizo aliyoisikia binti yako huko Iringa ni utaratibu wa nchi kama Finland: anayedahiliwa ualimu wa elimu maalumu anapewa nafasi ya shahada zote mbili kwa mkupuo, krediti (pointi za masomo) 180 za shahada ya kwanza na 120 za masta. Wenzetu wanataka hata mwalimu wa msingi awe na masta. Ila masomo hayo kwa kawaida ni kwa Kifinland, kwa hiyo asijipe presha.

Mimi niko kitengo cha wasioona hapa Mbeya, na njia tuliyopita wengi ni kuanzia diploma ya chuo cha ualimu Patandi, Arusha. Kama form six imekaa vizuri, aende moja kwa moja shahada, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanayo. Aangalie kwanza vigezo vya mwaka huu kwenye mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), maana hubadilika, na wale madalali wa vyuo wa stendi asiwasikilize kabisa.