Plagi "iliyoweza" kukatika

Msomaji mmoja ameniandikia: "Nilikuwa nabadilisha plagi za pikapu yangu ya zamani, ya silinda nne. Tatu ziliweza kutoka, ya nne iliweza kukatikia ndani. Fundi anasema plagi ilikuwa imegoma, mke wangu anasema ilikuwa imenasa, mimi nasema ilikuwa imekwama. Nani yuko sahihi? Tena, ni kubadili plagi au kubadilisha?"

Pole kwa plagi, ndugu yangu. Tumalize kwanza ugomvi wenu wa watu watatu, kisha nina neno nawe.

Kukwama ni kufika mahali pembamba au pazito ukashindwa kwenda mbele na kurudi nyuma: gari matopeni, mfupa kooni. Kunasa ni kwa mtego na ulimbo. Plagi iliyokaa miaka kwenye silinda hedi (kile kifuniko cha juu cha injini), chuma ndani ya alumini, kutu na masizi vikajaa kwenye meno yake hadi viwili vikawa kama kimoja, hiyo mimi ningesema imeganda. "Imekwama" si kosa, nakupa pointi. Mama umwombe radhi kwa niaba yangu. Fundi naye mwache: kwa mafundi kila kisichotii kimegoma, na picha ya plagi iliyosusia kazi inanifurahisha. Uzuri ni kwamba kila balaa hapa ina dawa yake ndani ya kitenzi: kwama, kwamua, nasa, nasua, ganda, gandua. Plagi yenyewe tumeitoa kwa Waingereza, nao waliichukua kwa Waholanzi, ambako "plugge" ilikuwa kizibo tu.

Sasa njoo hapa karibu. "Iliweza kukatikia ndani."

Kinachoniuma ni kwamba ulikuwa umeshika neno zuri kabisa. Kata, katika, katikia. Ile -ik- inatuambia imekatika yenyewe, hatumtafuti mkosaji (na spana yako imenusurika). Ile -i- inayofuata inapeleka tukio mahali pake: kipande kimebaki humo humo. "Ikakatikia ndani" ni maneno mawili, na nimeshaona mikono yenye grisi, kimya cha ghafla, na mtu anayetazama nusu ya plagi kwenye soketi huku akiomba iwe ndoto. Halafu ukalitangulizia "iliweza".

Kuweza kunataka uwezo. Anayeweza ana nguvu au maarifa, na kwa kawaida kuna kitu kilikuwa kikimzuia akakishinda. Kwa hiyo plagi yako, kwa maelezo yako mwenyewe, ilikuwa ikijaribu kukatika tangu ilipotoka kiwandani. Mwaka wa kwanza ikashindwa. Mwaka wa kumi ikashindwa. Ikavumilia moto na mtikisiko, cheche baada ya cheche, ikiamini siku yake itafika. Ukaja wewe na spana, ikapata nafasi, ikaweza! Zile tatu zilitoka nzima, maskini, bila kutimiza ndoto yao.

Unadhani natania, lakini washa redio. "Watu watano waliweza kujeruhiwa." "Nyumba iliweza kuteketea." Nimewahi kusikia, na niliyasikia kwa masikio haya, kwamba marehemu "aliweza kufariki dunia" akiwa njiani kwenda hospitali. Hodari huyo. Nadhani chanzo ni woga wa sentensi fupi. "Nyumba iliteketea" inaisha upesi mno kwa mtu aliyeshika kipaza sauti. "Iliweza kuteketea" inampa nafasi ya kuvuta pumzi na kutafuta neno linalofuata. Basi tukaiga sisi wasikilizaji, ambao hatuna kipaza sauti wala haraka.

Kuna watakaonirukia: mbona husemwa "plagi inaweza kukatika"? Husemwa, na ni sahihi. Hapo tunazungumzia jambo ambalo huenda litatokea, huenda halitatokea. Anayefungua plagi za zile Ford F-150 za miaka ya 2004 hadi 2008, zenye injini ya lita 5.4 na vali tatu kwa kila silinda, ana kila haki ya kusema zinaweza kukatika: plagi zake za awali ziliundwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa, na ganda la chini likishashikwa na masizi hubaki kwenye silinda hedi huku sehemu ya juu ikitoka. Kabla hajagusa spana, zinaweza. Akishasikia "tak!", hazikuweza chochote, zimekatika. Ile -li- ndogo ya wakati uliopita, kama kwenye "ilikatika", inatosha, haihitaji msaidizi.

Na ajabu ni kwamba "weza" ilikuwa na mahali pake kwenye barua yako, ukapapita. Zile tatu hazikuweza kutoka. Wewe ndiye uliyeweza kuzitoa. Kama ulisubiri injini ipoe, ukatia mafuta ya kupenya, ukaacha usiku kucha, ukazungusha robo mzunguko, ukarudisha, ukatia mafuta tena, ukazungusha tena bila kutumia hasira, hiyo ndiyo kazi ya mtu aliyeweza. Sifa zako umezipa vyuma.

Badili na badilisha? Wakali watakwambia plagi hubadilishwa, ya zamani ikatoka mpya ikaingia, na mwendo ndio hubadilika au hubadiliwa. Vita hivyo nilipigana ujanani, nikashindwa, na sasa nasema vyovyote inavyonijia. Nawe fanya hivyo.

Kuhusu kipande kilichobaki, usimruhusu mtu akigonge kwa msumari kikaangukia ndani ya silinda. Kuna vifaa vya kukivuta. Kikitoka niandikie "tuliweza kukitoa", nami sitagusa kalamu nyekundu.