Karakara au gatagata? Kwa anayejifunza Kijapani

"Karakara desu ka, gatagata desu ka?" fundi aliniuliza kwenye simu.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza Nagoya, Japani, na mashine yangu ya kufulia ilikuwa imeanza kupiga kelele. Kusoma nilikuwa najua, hesabu na tarehe najua, hata salamu za heshima zilikuwa zimenikaa. Lakini maneno hayo mawili kwangu yalikuwa kitu kimoja. Nikajibu gatagata, kwa kuwa ndilo nililowahi kulisikia.

Kesho yake akaja na vipande vya mpira vya kutia chini ya miguu ya mashine. Gatagata ni mtikisiko wa kitu kizima, kama meza iliyo na mguu mfupi. Akaiwasha, akainama, akatega sikio kidogo tu, kisha akasema taratibu: "Karakara desu ne." Karakara ni kitu kidogo, kikavu na kigumu kinachogongagonga ndani ya uwazi. Siku hiyo hakuja na zana za kufungulia pipa la ndani, ikabidi arudi tena. Alipolifungua alitoa sarafu ya yeni 5, ile yenye tundu katikati. Neno moja lilimpotezea mtu wa watu safari nzima, na mimi nikakaa siku kadhaa na nguo chafu.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia wenzangu wanaokuja huku: msiyaache maneno haya ya sauti hadi mwisho. Madarasani huchukuliwa kama mapambo, au lugha ya watoto na vitabu vya katuni. Kweli mtoto wa Kijapani huita gari "buubuu". Lakini mtu mzima naye, akitaka kukuelekeza mlango umeharibikaje, nyama inachomwaje au mvua inanyeshaje, hutumia maneno ya namna hiyo hiyo.

Sisi waswahili hatuanzii sifuri. Tuna tanakali zetu: mtu huanguka pu, hutumbukia chubwi, hunyamaza jii. (Hata huo ukimya Wajapani wana sauti yake, "shiin".) Tumezoea pia kurudufu maneno, na pikipiki tumeiita kwa mlio wake. Ila tanakali zetu nyingi kila moja ina kitenzi chake inachokishikilia, na unazijifunza mojamoja kwa mazoea. Za Kijapani zimejengwa kwa kanuni. Ukiishika kanuni, hata neno ambalo hujawahi kulisikia unaweza kulikisia.

Kanuni kubwa ni ile ya sauti ghuna na sighuna tuliyosoma shule, yaani zinazotetemesha koo na zisizolitetemesha. K ikigeuka G, T ikigeuka D, P ikigeuka B, kitu kimekuwa kizito zaidi, kikubwa zaidi, mara nyingine hata kibaya zaidi. Gololi ikibiringika sakafuni ni korokoro. Jiwe kubwa likiporomoka, au radi ikinguruma, ni gorogoro. Bomba likidondosha matone madogo ni potapota, yakiwa mazito ni botabota. Mlango ukigongwa tonton, kuna mtu mstaarabu nje. Ukigongwa dondon, inuka haraka. Kwenye maandishi G, D na B hutambulishwa na vialama viwili vidogo tu pembeni mwa herufi (P yenyewe ina kiduara), na mgeni huviruka kwa urahisi sana. Usiviruke.

Kisha sikiliza mkia wa neno. Katakata ni mgongano unaojirudia. Katan ni mmoja tu, na ile N ya mwisho ni mwangwi unaobaki. Ndiyo maana mlango mzito ukijifunga husemwa batan, kengele ya hekalu goon, na treni ikipita kwenye maungio ya reli gatan-goton.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wangu hawakulitaja: pale sauti inapopanda. Garagara ukiipandisha mwanzoni ni mlio, kama wa mlango wa kusukuma pembeni. Ukiisema bila kuishusha mwishoni, ni hali ya kuwa tupu: treni haina watu.

Kuyaingiza kwenye sentensi ni rahisi. Kwetu vitu hulia. Kwa Kijapani vitu husema. "Gatagata iu", inasema gatagata. Mengine yamekuwa vitenzi kabisa: kupasha chakula kwenye maikrowevu ni "chin suru", kutokana na kile kikengele chake cha kumaliza, na watu husema hivyo hata kama mashine zao siku hizi zinalia pi-pi-pi.

Usidanganywe na maneno yanayofanana na yetu. Barabara ya Kijapani ni vitu vilivyotawanyika vipandevipande. Gorogoro haihusiani na ule mkebe wa kupimia mahindi Kenya, na korokoro haikupeleki mahabusu. Wala usibuni la kwako ukitumaini litaeleweka. Kwenye ripoti ya kazini, andika kwanza "ion", yaani mlio usio wa kawaida, halafu karakara yako uitaje ukiwa unaeleza kwa mdomo.

Mimi nilijifunza nikiwa nimesimama mbele ya kitu chenyewe. Orodha hazikunisaidia, kwa sababu neno lisilo na mlio sikioni husahaulika usiku huohuo. Funga droo, tikisa kopo la maharage, kisha muulize mwenyeji: "Kono oto, nan to iimasu ka?" Sauti hii mnaiitaje? Jirani yangu, mama mmoja mtu mzima, nilimuuliza kuhusu mlango wake. Aliuweka mfuko wake wa sokoni chini, akausukuma ule mlango mzito wa mbao hadi mwisho. "Garagara," akasema. Kisha akasogeza fremu nyepesi ya wavu wa mbu, polepole, mara mbili, akinitazama kama nimeisikia tofauti.

"Karakara," nikasema.